Tone Chini ya Jicho

Benchi letu ni mlango. Zamani ulikuwa wa stoo, nikaung'oa, nikaulaza juu ya matofali mbele ya duka langu la kuchapa fulana, na kitasa nikakiacha palepale kwa sababu kilikataa kutoka. Wenyeji tunajua pa kukaa. Mgeni hukalia kitasa, huruka, ndipo tunamkaribisha. Upande wa bawaba hukaa Mzee Soli, fundi viatu, na sanduku lake la gundi na nyuzi miguuni. Anayemfuata ni Waya, ambaye hutengeneza redio na simu za watu na kuzirudisha zikiwa zinafanya kazi lakini skrubu mbili zimebaki mezani. Kisha Mkurugenzi. Huyu ni mlinzi wa ghala, cheo amepewa na koti la suti aliloachiwa na bosi wake wa zamani, na pia tabia yake ya kusema "tutalijadili" hata ukimuuliza saa. Shangazi na birika lake hukaa kwenye kigoda pembeni. Kwa damu ni shangazi wa Waya peke yake, ila kahawa yake imetufanya wote wapwa. Mimi naitwa Wino. Ukiiona mikono yangu hutauliza kwa nini.

Jumanne ile Mzee Soli alimaliza kikombe cha kwanza, akakifunika juu ya goti, akasema haendi.

Hakuna aliyeuliza haendi wapi. Mtaa mzima ulijua Alhamisi ni siku yake. Madaktari wa macho huja hospitali kubwa mara moja kwa mwaka, hukaa juma moja, huondoka na magari yao. Mwaka jana alizikosa siku hizo kwa sababu ya msiba. Mwaka huu alikuwa na kadi, namba ishirini na tatu, mkewe ameifunga kwenye kitambaa. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. La kushoto limeshaziba kabisa. La kulia linamwonyesha watu kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba, anatujua kwa sauti na kwa kukohoa. Wiki iliyopita alimshonea mteja soli mbili za kushoto kwenye jozi moja, na mteja alipokuja juu tulisimama wote kumtetea kwamba ndiyo fasheni iliyoingia.

Na kumtilia uzi kwenye sindano nilikuwa namtilia mimi. Nilidhani ni siri yangu na yake. Siku moja nikamkuta Waya anamtilia, na tulipobanana Mkurugenzi naye akakiri kwamba siku za Ijumaa ni zake. Mzee wa watu alikuwa anatuzungusha, kila mtu na zamu yake, ili asiwepo hata mmoja wa kujua hali imefika wapi. Asipokwenda Alhamisi, mpaka mwaka mwingine uje hata hilo la kulia litakuwa limezimika, na fundi viatu kipofu sijawahi kumwona.

— Huendi kwa nini, Mzee? — Waya akauliza.

— Nimesomewa zile fulana zinasema nini.

Basi. Hapo ndipo kazi za watu zilipolala.

Nikueleze fulana zenyewe. Ni nyeusi. Kifuani kuna jicho kubwa jeupe. Juu yake imeandikwa JICHO LAKO, chini yake KAMERA YAO, halafu peke yake, kama amri, USIKUBALI. Chini ya jicho, upande wa kulia, kuna tone moja. Zilianza kuonekana hapa kama miezi mitatu iliyopita, ya kwanza kifuani kwa dereva wa lori aliyesimama kununua maji. Baadaye zikawa nyingi. Zipo za mikono mirefu, ipo niliyoona amevalishwa mtoto mchanga ambaye hata shingo haijakaza. Watu waliozivaa hawakujuana, lakini ukiwauliza kamera ya nani, kila mmoja anakujibu kwa sauti ya chini na uso wa mtu aliyekula kiapo.

Waya ndiye aliyefungua kikao, maana mambo ya mitambo ni yake. Akatukumbusha kwamba wakikutoa mtoto wa jicho wanakuwekea kioo kidogo cha plastiki ndani. Hilo hata manesi wanalisema, hawafichi. Sasa, akasema, hebu tutumie akili. Kamera ni nini, kama si kioo kidogo ndani ya tundu lenye giza? Mkurugenzi akamuuliza umeme unatoka wapi. Waya alikuwa analingojea swali hilo.

— Kwenye kupepesa. Kope zinakwenda juu, zinakwenda chini. Ukipepesa unachaji. Kwa nini wanakwambia ukitoka usifikiche jicho? Utaharibu mawimbi.

— Na mimi wanataka waone nini? — Mzee Soli akauliza. — Visigino?

Waya akasema hapo ndipo penye ujanja. Kijana ukimwekea kamera anakimbiakimbia, picha zote zinatoka zimetikisika. Mzee anakaa. Mzee anatazama mahali pamoja kutwa nzima, anajua nani kapita na nani na saa ngapi, na hakuna anayemshuku. Ndiyo maana hawaji na dawa ya meno wala ya mgongo. Wanataka macho ya wazee. Mwenye macho haambiwi tazama, akamalizia, na nadhani hata yeye hakujua methali hiyo ameileta ya nini.

Mzee Soli akakivuta kile kikombe kitupu karibu na tumbo.

Mkurugenzi akakohoa kumaanisha zamu yake imefika. Yeye hakubishana na Waya juu ya kioo kinachoingia, yeye hoja yake ilikuwa lile jicho linalotoka. Linakwenda wapi? Akasema yeye amelinda ghala miaka kumi na tisa, ameona maboksi ambayo sisi hatutayaona mpaka tufe. Kuna maboksi yanakuja yamechorwa bilauri. Bilauri tupu, yenye mguu mmoja. Pembeni yake mishale miwili inaelekea mbinguni. Hayatakiwi kugeuzwa, hayatakiwi kudondoshwa, hayatakiwi jua. Sasa nyinyi niambieni, bilauri ya nini, na mishale inaonyesha nani yuko kule juu?

— Si maana yake vitu vinavunjika, — Shangazi akasema huku akipuliza makaa.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka uelewe, Shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walishasema, ki nguoni. Hawakusema mfukoni. Nguoni. Ndipo watu wenye uchungu wakaamua kutuonya kwenye nguo hiyohiyo.

Halafu akashuka kwenye tone. Hilo ndilo alilolitunza. Akasema kama mtu mmoja angetengeneza fulana zote hizo, tungesema ni biashara yake. Lakini amechunguza, kola si moja, lebo si moja, vitambaa vingine vizito vingine kama chandarua. Zimechapwa miji tofauti na watu wasiojuana. Na zote, kila moja, zina tone lile moja, mahali palepale, upande wa kulia. Watu wasiojuana wanakubalianaje tone? Waya akasema ni damu. Mkurugenzi akasema damu ni hatua ya kwanza tu ya kufikiri. Tone ni alama, wanaojuana wanajuana. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niitazame kahawa yangu.

— Na mimi yale maneno, siku ya kwanza kuyaona kwa yule dereva, moyo ulinipiga. Nilikuwa nimeshayasikia mahali. Kabla.

— Hata mimi, — akasema Waya, polepole. — Kabisa. Kama sauti ya mtu ninayemjua.

— Hata mimi, — akasema Mzee Soli. — Na sote watatu hatuwezi kuwa wajinga siku moja. Lisemwalo lipo.

Shangazi akammiminia kikombe cha pili bila kuulizwa. Akasema yeye kwa maoni yake, kile kitu kilichorwa na mtu mmoja asiyekuwa na kazi siku hiyo. Kahawa ikanipalia, Waya akanipiga mgongoni.

Sasa usinitazame hivyo, nitasema.

Mwaka jana, miezi ya mvua, mwenye duka la miwani aliniagiza fulana za wafanyakazi wake. Nikatengeneza fremu. Kwa asiyejua kazi hii, fremu ni ubao wa pembe nne uliowambwa kitambaa cha nyavu laini. Unaziba kila mahali kwa dawa isipokuwa mchoro, unaweka juu ya fulana, unasukuma wino kwa raba, wino unapita penye mchoro tu. Mchoro ulikuwa jicho. Jicho zuri, na kope. Mwenye duka akafunga biashara akahama, nikabaki na jicho. Mvua inanyesha, wateja hakuna, hawa wote wamejibana ndani ya duka langu na birika limo katikati. Wakati huohuo pale njia panda walikuwa wameweka kamera ya barabarani juu ya nguzo, kila mtu anailalamikia. Basi tukaanza mchezo, kila mtu alitungie jicho maneno. Mzee Soli akasema JICHO LAKO. Waya akasema KAMERA YAO. Mkurugenzi akafikiri sana, akasema USIKUBALI. Tulicheka mpaka Shangazi akatoka nje kwenye mvua, kasema afadhali kulowa.

Nikayachonga maneno hayo siku hiyohiyo. Chini ya jicho, upande wa kulia, dawa ilikuwa imeganda kidonge, nikamwomba Mzee Soli anikwangulie kwa sindano yake ya kutobolea ngozi, ile nene yenye mpini wa mti. Kumbe macho yalishaanza. Akaikosa dawa, akatoboa kitambaa. Nilipochapa fulana ya kwanza wino ukapita kwenye lile tundu, ukatoka tone. Nikataka kuziba. Wakasema acha, linalia, acha lilie. Nikachapa rundo zima, nikampa mchuuzi mmoja wa kusafiri, akaenda nazo miji ya mbali, na sisi tukasahau, kwa sababu hapa kijiweni kila siku tunatunga kitu na kila siku tunakisahau kabla vikombe havijaoshwa.

Huko zilikokwenda watu wakazipenda. Mafundi wenzangu wakaziiga, na mwigaji mwaminifu huiga kila kitu. Wakaliiga na tundu.

Nilijua tangu dereva wa lori. Nililiona tone kabla sijamwona dereva. Na niseme kweli hapa, maana mbele zao nilishasema: nilifurahi. Miaka ishirini nimechapa majina ya timu za mitaa na picha za marehemu, hakuna kazi yangu iliyovuka mtaa wa pili. Hii ilikuwa imekwenda mjini ikarudi imepanda lori. Nikanyamaza nile raha yangu kidogo. Halafu watu wakaanza kuiamini, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kusema kuliko ile iliyotangulia.

Jumatatu, yaani jana yake, mke wa Mzee Soli alikuwa amekuja dukani peke yake. Alijifanya anatafuta kitambaa cha pazia, kwangu hakuna pazia. Akasimama, akaniambia, "Mwanangu, mume wangu kaitoa kadi kwenye kitambaa kaitupa chini ya kitanda. Nimeiokota. Nani kamwambia nini?" Nikamwambia nitaulizia. Mama mtu mzima akanishukuru, akaniombea na baraka. 

Na bado Jumanne nilikuwa nimekaa pale nasikiliza mambo ya bilauri.

Alipotokea mama mmoja na ndala mkononi, kamba imekatika, hatukumjua. Alisema amehamia kwa binti yake nyumba ya nyuma ya kinu. Akakalia kitasa, akaruka, tukamkaribisha. Shangazi alimpa kikombe, Mzee Soli akaipokea ndala akaanza kuipapasa, na hapo tu ndipo Waya aliponiminya paja. Mama alikuwa ameivaa ile fulana. Imefifia, imeoshwa mara nyingi, lakini jicho ni jicho, na tone lipo.

Waya akamuuliza kwa heshima zote kama yumo katika wale wanaopinga. Mama akauliza wanaopinga nini. Basi akatueleza historia ya fulana yake, na aliieleza bila haraka, kama mtu anayesimulia alivyonunua sufuria. Miezi mitano iliyopita, huko alikokuwa anaishi, alikuwa haoni. Miaka mitatu haoni. Mkwe wake akamletea fulana, akamwambia ina jicho kubwa mbele. Yeye akadhani ni sare ya wagonjwa wa macho. Akaivaa siku ya kupasuliwa. Nesi aliyempokea alicheka mpaka akashika ukuta, na yeye akacheka pia, akadhani nesi ana roho nzuri.

— Waliponifungua bandeji nikainamisha kichwa, — akasema. — Kitu cha kwanza kukisoma baada ya miaka mitatu ni kifua changu mwenyewe. Nimekisoma kichwa chini miguu juu.

Waya akataka kujua kama akipita karibu na redio huwa anasikia kichwa kinauma. Mama akasema kichwa kinamuuma akiulizwa maswali kabla kahawa haijapoa.

Mzee Soli alikuwa ameacha kuipapasa ndala. Aligeuza uso kuelekea sauti ya mama yule, kama anavyofanya anapotaka kupima mtu.

— Dada yangu, uliogopa?

— Niliogopa mno. Ila sikuwa nimeisoma. Ningeisoma, kaka, nisingekwenda. Ningekuwa nimekaa kwa mkwe wangu mpaka leo, naongozwa chooni kwa mkono. — Akakung'uta fulana kidogo kifuani, pale penye maandishi. — Najiuliza kila nikiivaa, na nyinyi mnakaa na watu wengi labda mnajua. Aliyeyaandika haya, mimi alikuwa ananijua?

 Waya akatazama viatu vya watu. Shangazi alikuwa ananitazama mimi, na sijui alikuwa amejua tangu lini, mwanamke yule hasemi kitu kabla hakijaiva.

Nikaingia dukani. Fremu ilikuwa nyuma ya kabati, imeegemea ukuta, na vumbi lake. Nikaitoa nikaiweka juu ya magoti ya Mzee Soli.

Akaipitisha kiganja. Akaujua ubao, akakijua kitambaa, akasema hii ni kazi ya Wino, pembe haziko sawa. Kidole gumba kikatembea juu ya jicho, kikashuka, kikasimama. Akalipapasa lile tundu mara mbili, mara tatu. Fundi viatu ametoboa matundu maisha yake yote, halafu akayapapasa kujua kama uzi utapita. Hilo ni jambo lake hata gizani. Akainamia sanduku, akatoa ile sindano yenye mpini wa mti, akaiweka ncha. Ikazama bila kusukumwa.

— Hili ni langu, — akasema.

 Halafu kumbukumbu ikawarudia wenzangu, niliiona inavyowapanda usoni, mmoja baada ya mwingine. Mvua. Nguzo ya njia panda. Shangazi anatoka nje. Na badala ya kuona haya, si walianza kugombania? Mkurugenzi akasema USIKUBALI ni neno lake, na ndilo lililobeba fulana nzima. Waya akasema bila KAMERA YAO hapakuwa na habari. Mkurugenzi akasema jambo hilo litajadiliwa. Yule mama alikuwa anawatazama kwa zamu, kikombe kimesimama njiani.

— Wino, — akasema Mzee Soli.

— Naam, Mzee.

— Ulijua?

Mabishano yakakatika. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu dereva wa lori. Akauliza kwa nini, na hapo nikamweleza ile furaha, yote, jinsi ilivyokuwa. Sikujitetea.  Mzee alikuwa anafuta ncha ya sindano kwenye suruali, anafuta kitu kisichokuwepo, na nilitamani anitukane. Amenijua tangu naanza kazi hii sina hata meza. Ubao wa kwanza wa duka langu aliupigilia misumari yeye.

— Yaani nimelala macho siku tano, — akasema mwishowe, — naogopa maneno yangu mwenyewe, na mwenzangu yuko hapa ananitilia uzi.

Nikasema nisamehe, Mzee. Shangazi akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe chake, likatoa machicha tu. Kahawa ilikuwa imekwisha na jua bado liko juu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

— Alhamisi utanipeleka wewe, — Mzee Soli akaniambia. — Utanishika mkono mpaka mlangoni. Nikitoka sioni, viatu vya mtaa huu utashona wewe.

Kisha akanipa sindano nyembamba na uzi nimtilie, mbele ya wote, bila kuficha, akamshonea yule mama ndala yake. Jioni niliiosha fremu kwa dawa. Jicho likayeyuka, maneno yakayeyuka. Nikaupasua na ubao, japo nilijua kwamba huko mijini wapo wenzangu wenye fremu zao, na yangu haihitajiki tena.

Alhamisi benchi lilibaki tupu. Nilikuwa nimeambiwa nimpeleke mimi, lakini Waya akasema kuna waya za hospitali angependa kuziona, Mkurugenzi akaomba ruhusa ghalani, na Shangazi akaja na birika akisema hawezi kubaki peke yake na kitasa. Mke wa Mzee Soli akatangulia mbele na kadi yake kwenye kitambaa. Tukakaa kwenye foleni ya watu wenye macho meupe, kila mmoja na wa kumshika mkono.

Na mbele yetu, safu ya pili, kijana mmoja aliyemleta mama yake alikuwa ameivaa. Nyeusi, mpya, inanukia duka. Watu wawili walikuwa wameshamuuliza inasema nini, na alikuwa amewajibu kwa ile sauti ya chini. Mzee mmoja wa namba za nyuma alikuwa ameshachukua mfuko wake aondoke.

Nikamnong'oneza Mzee Soli ninachokiona. Akasema nimpeleke. Tukasimama mbele ya kijana, wote wanne, na wala sikufikiri tunaonekanaje: mzee anayetazama pembeni, mtu mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, mwingine bisibisi imechomoza mfukoni, na nyuma yao jitu limevaa koti la suti.

— Mwanangu, — Mzee Soli akasema, — hilo tone ulilonalo chini ya jicho, nilitoboa mimi. Kwa bahati mbaya, kwa sindano ya viatu. Na maneno tulitunga sisi, mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna kitu hapo.

Kijana alikuwa na adabu. Akasimama kwanza, kwa sababu anasemeshwa na mtu mzima. Akatutazama mmoja mmoja, akamaliza na koti la Mkurugenzi.

— Shikamoo, mzee, — akasema. — Nani amewatuma?

Waya, ambaye ana jibu la kila kitu kuanzia mwezi mpaka bawasiri, alitazama dari. Mkurugenzi hakusema tutalijadili. Na mimi nililitafuta jibu, nalitafuta mpaka leo, ambalo kijana yule angelisikia asiseme kwamba hivyo ndivyo tulivyofundishwa kusema. Mzee wa namba za nyuma alikuwa bado amesimama na mfuko wake, anatusikiliza.

Wakaita ishirini na tatu.

Mzee Soli akacheka kidogo, puani. Akamwelekea yule mzee mwenye mfuko, au alikodhani yupo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi naingia. Kaa, nikitoka utaniuliza." Mzee yule hakukaa, lakini hakutoka pia. Mlangoni Mzee Soli akatoa sindano yake ya mpini wa mti kwenye mfuko wa shati, tangu Jumanne alikuwa anatembea nayo, akaniwekea kiganjani.

— Nishikie. Kesho wakinifungua usinipe mkononi. Iweke mahali niitafute.

Usiku ule walimlaza. Asubuhi nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha, katikati ya chupa ya maji na taulo, nikasimama mbali. Nesi akafungua bandeji ya jicho la kulia, taratibu, akalifuta. Mzee Soli akapepesa. Waya, namshukuru, hakusema kitu kuhusu kuchaji. Mzee akamtazama mkewe kwanza, muda mrefu, mpaka mama akajifanya anakunja shuka. Halafu macho yakaenda dirishani, akanyoosha mkono, akaiokota sindano kama mtu anayeokota kitu chake, akaitia mfukoni.

Kisha akaniita karibu. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaikagua vidole na kucha na mistari ya viganja.

— Wino, — akasema, — kumbe hautoki.

Nikamwambia hapana, Mzee, hautoki. Akasema basi Shangazi ammiminie kahawa anywe upesi, yule mzee mwenye mfuko yuko mlangoni anamsubiri amuulize.